Tansio inayokataa vidonge: nenda kapime homoni za adrenali, lakini jiandae kwanza

Mimi ni mtu wa laboratwari, hapa Bukavu. Natoa damu, naizungusha kwenye sentrifuji, nasoma namba, naiandika. Kusema una ugonjwa gani ni kazi ya muganga. Ila huu ni mwaka wangu wa kumi na tisa wa kuchoma watu sindano, na nimeona kitu ambacho waganga hawapati muda wa kukieleza: namba inaweza kuanza uongo kabla damu haijafika kwenye mashine. Kwa tansio (shinikizo la damu) inayoletwa na homoni, uongo huo una gharama. Mimi mwenyewe nilimcheleweshea Yaya miezi minane.

Yaya ni kaka yangu mkubwa, fundi wa mbao. Karakana yake iko Kadutu, upande wa juu, kule ambako hata pikipiki inapanda ikilia. Alikuwa na miaka 43 na alimeza dawa tatu: amlodipini, enalaprili na hidroklorotiazidi, ile ya kukojoza. Hakuwa mtu wa kuruka dawa, kwa sababu wifi alikuwa akimwekea vidonge kwenye kisahani cha chai na kusimama hapo mpaka vimezwe. Hata hivyo mashine ilisema 172 kwa 104, wiki nyingine 168 kwa 102, kisha 176 kwa 106. Usiku aliamka mara nne kwenda kukojoa. Kupanda kutoka sokoni kulimshinda; alisema miguu imekuwa kama ya kuazima. Mama yetu akasema ni mawazo. Jirani akasema amerogwa na mshindani wa mbao. Mimi nikamwambia kwa utani kwamba ni uzee, na utani huo siupendi tena.

Kwanza, hakikisha tansio ni tansio

Kabla hujafikiria homoni, pima vizuri nyumbani. Kojoa kwanza, maana kibofu kilichojaa hupandisha namba. Nusu saa kabla usinywe kahawa wala kuvuta sigara. Kaa kwenye kiti chenye mgongo, miguu chini bila kupishana, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na utulie dakika tano bila kuongea na bila simu. Mkanda ufungwe juu ya ngozi, usiwe juu ya sweta, na uwe wa saizi ya mkono wako: mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa tansio ya juu isiyokuwepo. Pima mara mbili kwa kupishana dakika moja, asubuhi na jioni, siku saba. Tupa namba za siku ya kwanza, zilizobaki tafuta wastani. Kwa vipimo vya nyumbani, wastani wa 135 kwa 85 kwenda juu ndiyo tansio iliyopanda.

Ukiona wastani uko juu na dawa unameza kweli (jiulize kwa ukweli, mimi sipo hapo), sasa unaweza kuuliza swali la homoni.

Muulize muganga hasa ikiwa unameza dawa tatu za aina tofauti, mojawapo ya kukojoza, na bado haishuki chini ya 140 kwa 90. Vilevile kama potasiamu yako iliwahi kushuka, hata kama mtu alisema "ni ile dawa ya mkojo tu". Kama tansio ilikuanza kabla ya miaka 40, au mtu wa damu yako alipata kiharusi akiwa kijana, au ndugu yako ameshaambiwa ana ugonjwa wa aldosteroni kuzidi, homoni ya adrenali nitakayoieleza hapa chini. Kama skaneri iliyofanywa kwa sababu nyingine ilionyesha kinundu juu ya figo. Mwaka 2025 chama cha wataalamu wa homoni cha Marekani, Endocrine Society, kilipendekeza kila mwenye tansio apimwe. Huku kwetu mfuko ndio unaamua, kwa hiyo naanza na hao niliowataja.

Duane juu ya figo

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo, imekaa kama kofia, uzito wake gramu nne au tano hivi. Ndiyo adrenali. Gamba lake la nje linatengeneza aldosteroni na kortizoli. Kiini cha ndani kinatengeneza adrenalini na noradrenalini. Zote zinaweza kupandisha tansio zikizidi, lakini inayofanya hivyo mara nyingi zaidi ni aldosteroni.

Aldosteroni naifananisha na mtu wa duane, yaani forodha, pale mpakani Ruzizi. Inasimama ndani ya figo na kuamua nani anapita: chumvi inarudishwa ndani ya mwili, potasiamu inatolewa nje na mkojo. Chumvi ikirudi, maji yanaifuata. Mishipa inajaa, tansio inapanda. Kwa kawaida haifanyi kazi hiyo kwa kujiamulia. Figo ikihisi shinikizo limeshuka inatoa renini, na mwisho wa safari ya renini ni aldosteroni kuamka. Shinikizo likipanda, renini inanyamaza, na aldosteroni nayo inapaswa kwenda kulala. Kwenye ugonjwa wa aldosteroni kuzidi, renini imenyamaza kabisa, lakini aldosteroni inaendelea kukamata chumvi kama vile mkubwa wake bado anapiga simu. Ndiyo maana tunapima zote mbili na kugawa moja kwa nyingine. Ukipima moja peke yake hujapima kitu.

Wa kwanza kuueleza ni Jerome Conn wa Chuo Kikuu cha Michigan, mwaka 1955. Mgonjwa wake alikuwa mwanamke wa miaka 34, mwenye tansio, misuli dhaifu na potasiamu iliyoshuka vibaya. Walipompasua wakakuta uvimbe kwenye tezi moja. Kwa ajili ya mama huyo, vizazi vya waganga vilifundishwa kwamba bila potasiamu kushuka hakuna ugonjwa. Sivyo. Wengi wenye ugonjwa huu wana potasiamu ya kawaida. Na si ugonjwa wa nadra kama tulivyofundishwa shuleni: kwa wagonjwa mia wa tansio, watano hadi kumi wanao, kati ya wale ambao dawa tatu zimewashinda, karibu mmoja kwa kila watano.

Potasiamu, na kosa langu

Muganga wa Yaya aliandika ionogramu, kipimo cha potasiamu na chumvi nyingine za damu. Yaya alikuja kwangu asubuhi, ana haraka, mteja anamsubiri na mlango wa kabati. Mshipa wake haukuonekana. Nikafunga garo, ule mpira wa kubana mkono, nikaikaza, nikamwambia, "Yaya, kunja ngumi, fungua, kunja, fungua." Akafanya hivyo kama dakika mbili, mkono wa fundi huo, unajua nguvu zake. Damu ikatoka polepole, garo bado imekaza. Kisha kichupa kikakaa mezani zaidi ya saa moja, maana umeme ulikuwa umekatika. Nilipokizungusha, maji ya juu yalikuwa na wekundu kidogo, kama chai ya karkade iliyochujwa mara ya pili. Namba ilitoka 3.7. Kawaida ni 3.5 hadi 5. Nikaandika 3.7, muganga akasoma 3.7, akaongeza dozi ya amlodipini.

Misuli inapokunjwa na kukunjuliwa chini ya garo inamwaga potasiamu yake kwenye damu ya mkono huo. Chembe nyekundu zikipasuka zinamwaga nyingine, kwa sababu potasiamu nyingi inaishi ndani ya chembe. Kwa hiyo 3.7 ile haikuwa ya Yaya, ilikuwa ya ngumi yake na ya kichupa changu. Miezi minane baadaye, aliposhikwa na mikakamao ya miguu usiku mpaka wifi akanipigia simu, nilimtoa damu upya: mkono umelala wazi, garo nimeifunga kidogo tu, mshipa umeonekana nimeifungua, nikahesabu mpaka tano ndipo nikavuta. Nikaizungusha ndani ya nusu saa. Ilitoka 2.8.

Ndiyo maana nakuomba wewe unayekwenda kutolewa damu: usikunje ngumi. Hata mtu wa laboratwari akikuambia, mwambie kwa adabu kwamba ni kwa ajili ya potasiamu, ungependa mkono ukae wazi. Wengine watakunja uso, lakini mtu anayejua kazi ataelewa. Kama mishipa yako inajificha, kunywa maji kabla ya kutoka nyumbani na uje mkono ukiwa na joto. Na ukiona kwenye karatasi ya majibu wameandika damu imepasuka, "emolizi" kama tunavyosema sisi, omba kutolewa tena. Usiipeleke namba hiyo kwa muganga kana kwamba ni jibu.

Kipimo chenyewe: aldosteroni na renini

Si kila laboratwari inakifanya. Sampuli ya Yaya ilibidi isafiri nje ya nchi. Kipimo kikisafiri mbali na kulipiwa kwa dola, ni uchungu kukirudia. Kwa hiyo maandalizi ndiyo kila kitu.

Potasiamu irudishwe kwanza karibu na 4. Ikiwa chini, hata tezi mbovu inapunguza aldosteroni, na jibu litakutoa msafi usiye msafi. Yaya alipewa sharubati ya potasiamu, chungu, aliichukia kuliko vidonge vyote.

Chumvi, kula kama kawaida yako. Hapa watu wananishangaa. Wiki zile usianze kujibana, maana ukiacha chumvi renini inaamka na kufunika ukweli. Makayabu, samaki wa chumvi, utayaacha baadaye, na utayaacha kweli.

Dawa ndizo zenye kazi. Spironolaktoni, eplerenoni na amiloridi zinaharibu kipimo, na kwa kawaida muganga huzisimamisha wiki nne. Dawa za kukojoza za kawaida pia huyumbisha jibu, na mara nyingi nazo hupewa muda huohuo. Atenololi, propranololi, metildopa, klonidini, na zile za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, zinashusha renini na kukufanya uonekane mgonjwa wakati huenda si wewe. Enalaprili, losartani na wenzake zinapandisha renini, kwa hiyo zinaweza kuuficha ugonjwa. Lakini ukiwa unazimeza na renini bado imelala, ushahidi umezidi uzito. Mwenye tansio kali hawezi kukaa bila dawa akisubiri kipimo. Muganga anaweza kumhamishia verapamili, idralazini au doksazosini, ambazo haziyumbishi sana jibu. Maneno "muganga anaweza" niliyaandika makusudi. Usijisimamishie dawa hata moja peke yako. Nimemtoa damu mama aliyejifanyia hivyo. Alifika akishika ukuta, 220 kwa 130, tukaacha mambo ya homoni tukakimbilia dharura. Na orodha ya dawa iandike kwenye karatasi, pamoja na zile ulizonunua farmasi bila kuandikiwa na majani ya bibi.

Siku yenyewe, amka angalau saa mbili kabla ya kutolewa damu, na usirudi kitandani: tembea, fua, fanya kazi. Fika asubuhi iliyokomaa, ukae kwenye kiti dakika tano hadi kumi na tano, ndipo sindano. Habari ya ngumi umeshaijua. Na jambo la mwisho ni letu sisi wa laboratwari, lakini ulijue: kichupa cha renini hakiwekwi kwenye barafu kabla ya kuzungushwa. Baridi inaamsha renini iliyolala ndani ya kichupa na kuipandisha kwa uongo. Kinakaa kwenye joto la chumba, kinazungushwa, maji ya juu yanatengwa na kugandishwa haraka, ndipo yasafiri yakiwa yameganda. Kijana wetu wa mapokezi, mwenye moyo mzuri, alikuwa ameshakiweka cha Yaya ndani ya temosi ya chanjo. Nilikiona kwa bahati. Nikamwita Yaya arudi kutoka mlangoni, nikamchoma tena, akanitukana kwa Kimashi.

Jibu likija, usilinganishe namba yako na ya mwenzako. Laboratwari hazitumii vipimio sawa. Pale aldosteroni inapopimwa kwa nanogramu ndani ya desilita na utendaji wa renini kwa nanogramu ndani ya mililita kwa saa, wengi hushuku uwiano ukizidi 30, ilimradi aldosteroni yenyewe isiwe ya chini. Yaya: aldosteroni 28, renini 0.2. Gawanya mwenyewe. Namba zikiwa za katikati, kuna kipimo cha kuthibitisha, mfano kutiwa lita mbili za maji ya chumvi kwenye mshipa kwa saa nne kuona kama aldosteroni inatii. Hiki hufanyiwa hospitalini, chini ya macho ya muganga, na si kwa mwenye moyo dhaifu.

Homoni nyingine mbili

Adrenalini ikizidi kwa sababu ya uvimbe wa kiini cha tezi (feokromositoma), mtu anashikwa kwa vipindi: kichwa kinapasuka, jasho linamwagika, moyo unapiga mbio, tansio inaruka, kisha vyote vinatulia. Huku kwetu jasho na kichwa ni malaria mpaka ithibitike vingine, kwa hiyo ukitibiwa malaria mara ya tano na kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, pima tansio wakati kipindi kimekushika. Ni ugonjwa wa nadra kweli, chini ya mmoja katika mia wa wenye tansio, lakini unaua. Hupimwa metanefrini, yaani mabaki ya adrenalini, kwenye damu au mkojo wa saa 24. Mkojo huo watu wengi wanaukosea: wa kwanza wa asubuhi unaumwaga chooni na kuandika saa, kuanzia hapo kila tone linaingia kwenye bidoni (dumu) tuliyokupa, mchana na usiku, pamoja na ule wa kwanza wa kesho yake saa ileile. Ukienda sokoni, nenda na bidoni. Ukimwaga mara moja tu kwa kusahau, sema, tuanze upya. Na mwenye uvimbe huu asianzishiwe propranololi au atenololi kabla ya dawa ya kundi la alfa, kama ile doksazosini. Tansio inaweza kulipuka.

Kortizoli ndiyo inayonikasirisha, kwa sababu nyingi ninayoiona imenunuliwa. Wadada wanameza deksametazoni wanenepe, wajae nyuma. Wengine wanapaka krimu za kujichubua zenye klobetasoli mwili mzima, miaka. Uso unakuwa duara, tumbo linatangulia, mikono na miguu inabaki myembamba, ngozi inachanika michirizi ya zambarau, sukari na tansio vinapanda. Nikipima kortizoli yao ya asubuhi naikuta chini kabisa, na ndugu zao wanashangaa: amevimba hivi na homoni imekwisha? Homoni ya dukani imejaa, tezi imelala. Sasa sikia vizuri: ukiwa umetumia muda mrefu usiache ghafla kwa hofu ya maneno yangu. Tezi iliyolala haiamki siku moja. Mtu anaweza kuzimia na kufa kwa tansio kushuka. Nenda ukaseme ukweli, upunguziwe taratibu. Muganga hatakucheka, na akikucheka tafuta mwingine.

Baada ya jibu

Skaneri ya Yaya haikuonyesha uvimbe. Skaneri peke yake haitoshi: inaweza kukosa kinundu kidogo, au kuonyesha kinundu kisicho na kosa lolote. Kujua ni tezi ipi inayomwaga aldosteroni, kabla ya kumpasua mtu, huchukuliwa damu kutoka kwenye mishipa ya tezi zote mbili, kazi ngumu ambayo mimi sijawahi kuishuhudia. Ikiwa ni upande mmoja, tezi hiyo inaweza kutolewa. Ikiwa ni pande zote, au upasuaji haufikiki, kuna spironolaktoni, ambayo inamfungia aldosteroni mlango ndani ya figo. Ni dawa ya zamani, ya bei inayovumilika. Haipewi mwenye mimba. Na wanaume, msione aibu: inaweza kuvimbisha matiti na kuyatia maumivu. Yaya alikaa na maumivu hayo wiki sita bila kusema. Alivaa koti hata jua likiwaka. Wifi ndiye aliyeniambia, kwa kunong'ona jikoni, akichambua sambaza, samaki wadogo wa ziwani. Muganga akapunguza dozi kutoka miligramu 50 hadi 25, maumivu yakapungua. Eplerenoni haina shida hiyo sana, ila pochi italia.

Chumvi sasa ndiyo wakati wake wa kubanwa, maana aldosteroni bila chumvi ni duane bila mizigo. Makayabu yaliondoka, kube za mchuzi zikaondoka, ndagala zenye chumvi zikaoshwa mara tatu.

Kuna kosa moja zaidi, na hili ni la familia nzima. Dawa ilipoanza, hakuna aliyekumbuka kusimamisha sharubati ya potasiamu. Wifi aliendelea kumpa, na ndizi mbili juu yake, kwa upendo, huku enalaprili ikiendelea. Spironolaktoni inazuia potasiamu kutoka. Ukiongeza nyingine juu yake unajaza pipa lisilo na tundu, na potasiamu ikizidi moyo unaweza kusimama. Kipimo cha wiki ya kwanza kilitoka 5.6. Niliangalia maji ya juu: meupe safi, hayana wekundu. Nilimpigia muganga kabla sijaandika hata jina kwenye karatasi. Sharubati ilisimamishwa siku hiyohiyo.

Kwa hiyo ukianzishiwa dawa hii, potasiamu na kreatinini (kipimo cha figo) zipimwe baada ya wiki moja, tena baada ya wiki nne, kisha kila baada ya miezi michache, na kila dozi ikibadilishwa. Yaya sasa yuko 134 kwa 84, potasiamu 4.4, anaamka mara moja usiku. Alikuja Jumanne iliyopita, mavumbi ya mbao kwenye nyusi. Alikaa, akalaza mkono juu ya mto, kiganja wazi, na kabla sijagusa garo akasema, "Leo ukiniambia ngumi, nahama laboratwari."